Nililala Juu ya Mlango

Haya ninayaandika nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ni kiti cha plastiki cha kawaida, na nitaweza kukaa hapa muda wa kunywa chai vikombe viwili kabla mgongo haujaanza kulalamika. Wewe uliyelala chali sasa hivi, unayetazama dari kwa sababu umekatazwa kugeuka, unajua kwa nini naanza na kiti. Wengine watavumilia.

Nilipata TB ya uti wa mgongo. Mimi nilidhani TB ni ya kifua, na sikuwahi kukohoa hata mara moja. Jinsi inavyoingia na jinsi inavyokula mifupa sitaeleza. Niliwauliza madaktari mpaka wakaanza kunikimbia, na majibu yao nimeyachanganya. Nitaeleza ninachokijua, yaani kulala, kungoja, na kelele. Kelele kwa sababu nyumba tuliyopanga hapa Durban ilikuwa inakarabatiwa huku sisi tukiwa ndani.

Naitwa Shomari, mtu wa Korogwe. Niliacha shule darasa la sita, nikapanda lori la machungwa kwa kuwa nilitaka kujua machungwa yetu yanaenda wapi. Yalienda Dar es Salaam tu, lakini mimi sikuishia hapo. Nimekaa Mbeya, Lilongwe, Tete, Beira, Maputo. Nimebeba magunia, nimepaka rangi, nimeuza makava ya simu. Kila mji niliuliza watu maswali mpaka wakanichoka, halafu nikaondoka. Sikuwa na kitu kingine cha maana zaidi ya miguu.

Maumivu yalianza majira ya baridi, chini kidogo ya mabega, kama mtu anayenibonyeza kwa kidole kimoja. Nikasema ni mizigo. Nikachua, nikameza vidonge vya duka la Mhindi, nikaendelea. Mwezi wa nane, upepo ukiwa unarusha mchanga na mifuko ya plastiki mjini kote, nilikuwa navuka barabara kwenye robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za magari, mguu wa kushoto ukakataa. Haukuuma. Ulikataa tu. Nilianguka katikati ya barabara, magari yakaruhusiwa, na dereva wa teksi akanipigia honi ndefu na kunitukana kwa Kizulu kana kwamba nimechagua kulala pale.

Hospitalini foleni ni ya mabenchi. Anayeitwa akiingia, wote mnasogea nafasi moja, na benchi likiisha mnahamia linalofuata. Kwa mwenye mgongo kama wangu, kila kusogea kulikuwa adhabu. Nilivumilia mpaka jasho likaanza kunitiririka hadi kwenye kope. Mama mmoja mzee wa Kizulu, aliyekuwa kando yangu na mguu wake umefungwa bendeji, alinitazama, akainama, akanivua kandambili moja. Akaiweka kwenye benchi mahali pangu, akanionyesha sakafu. "Lala, mwanangu. Kiatu kitapanga foleni." Nikalala chini ukutani, nikaitazama kandambili yangu ikisogezwa na watu nisiowajua, mkono hadi mkono, benchi hadi benchi. Hakuna aliyeiruka. Mpaka leo nikikumbuka ugonjwa ule, kabla ya sindano na picha za eksirei, naiona kandambili ile ya bluu.

Walinilaza wiki kadhaa, kisha wakaniruhusu na vidonge vya kumeza kwa karibu mwaka mzima, pamoja na gamba la plastiki la kufunga kiwiliwili. Daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, aliniambia mambo mawili. La kwanza, nilale kwenye kitu kigumu kilichonyooka mpaka mifupa ishikane, na nisisimame mpaka aseme. La pili alilisema akiwa ameshika unyayo wangu ambao nilikuwa siusikii vizuri. "Usianguke. Usiangushwe. Ukianguka vibaya safari hii, sikuahidi miguu."

Nilitaka kumuuliza mengi. Safari hii sikuuliza.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya matofali, yenye koridori ndefu na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao ili waingie watu wengi. Mimi nilikuwa na chumba cha nyuma. Kilichofuata kilikuwa cha Mama Gloria, Mkongomani wa Bukavu, msusi, mjane, mwenye mikono isiyotulia. Mwenye nyumba alitaka kuigeuza iwe ya wanafunzi wa chuo. Alisema anayetaka kuhama ahame, anayetaka kubaki abaki ila asilalamike. Wengi walihama. Mama Gloria alibaki kwa sababu wateja wake walikuwa mtaani hapo. Mimi nilibaki kwa sababu sikuwa na namna.

Mafundi walikuja mvua za mwezi wa kumi zilipoanza. Siku ya kwanza waling'oa milango yote. Nyumba ikawa mdomo usio na meno. Msimamizi wao, Sipho, mtu wa Cato Manor, mnene, mwenye kofia ngumu ya manjano, alipita chumbani kwangu akiwa na mlango begani, akanikuta kwenye godoro langu lililobonyea katikati kama karai.

"Eish, bhuti," alisema, yaani kaka. "Ndivyo daktari alivyokwambia ulale?"

"Hapana. Alisema kwenye kitu kigumu."

Akautazama ule mlango. Ulikuwa wa mbao nzito za kizamani, umenyooka kama rula. Akaulaza juu ya matofali, akang'oa kitasa na bawaba kwa bisibisi, Mama Gloria akatandika blanketi mbili. Wakanihamisha kwa shuka, polepole, kama wanahamisha sahani ya supu.

"Ule mulango njo kitanda yako sasa," Mama Gloria akasema. "Ukipona, tutaugongea hodi."

Tundu la kitasa lilikuwa sawa na mbavu zangu za kulia. Kwenye joto la Desemba, upepo mdogo ulipita hapo. Nilijifunza kushukuru tundu.

Usiyejua kelele za ujenzi utadhani tatizo ni masikio. Si masikio. Mashine ya kuvunjia zege ikianza koridorini, mtetemo unapita sakafuni, unapanda matofalini, unaingia mlangoni, unakufikia kwenye pingili ile ile iliyooza. Niliuma taulo. Siku ya pili nililia mbele ya Sipho, mtu mzima mimi, na yeye akaenda kuwaambia vijana wake utaratibu mpya. Kabla ya kuwasha mashine yoyote kubwa, mmoja apige kelele, "Bhuti, tunaanza!" Wasiwashe mpaka nijibu, "Sawa!" Nilikuwa siwezi hata kwenda msalani, lakini nyumba nzima ilingoja neno langu. Kuna siku nilichelewesha jibu kwa makusudi, nipate tu kusikia ukimya.

Nilizijua zana zote kwa sauti bila kuziona. Tindo, msumeno, drili, ile ya kukatia vigae inayolia kama mbuzi anayechinjwa. Niliwauliza wamekuta nini chini ya plasta, wakaniletea vipande: rangi ya kijani, chini yake waridi, chini yake bluu. Nilitaka kujua nani alichagua waridi. Hakuna aliyejua.

Mwili nao ulikuwa na mambo yake. Mkojo uligeuka rangi ya machungwa kwa dawa, na Mama Gloria, ambaye ndiye aliyemwaga ndoo, mara ya kwanza alipiga ishara ya msalaba. Mapaja yaliyonitoa Korogwe yakawa kama mikono ya mtoto. Vumbi lilikaa kwenye meno. Aibu ya ndoo sikuizoea, nisikudanganye. Nilichozoea ni Mama Gloria kuimba nyimbo za kanisani kwao kila alipoibeba, ili tusizungumze.

"Iko na dada nyumbani, papa," alikuwa akiniambia. "Umuambie kweli."

Dada yangu Mwanaidi ndiye aliyenilea. Nilikuwa nimemwambia nina mgongo unaouma. Ilikuwa kweli, kwa kiasi chake.

Katikati ya Desemba mafundi wa nchi hii hufunga kazi wote, na wetu nao wakaenda kwao mpaka Januari. Nilidhani nitafurahi. Badala yake, kwenye ukimya ule nilianza kusikia miguu yangu isivyosema kitu. Walipobisha tena getini na Sipho akapaza sauti, "Heri ya mwaka mpya, bhuti, tunaanza!" nilijibu haraka kama mtu aliyekuwa peke yake kisimani.

Februari wakafika kwenye paa la upande wetu. Waliezua bati asubuhi, na mawingu yakaja mapema kuliko walivyopanga. Turubai halikutosha. Sipho akaja chumbani anahema. "Bhuti, huwezi kubaki hapa. Mvua ikianza utaogelea."

Idrisa, rafiki yangu wa Tanga, anayeuza mikanda na saa stendi ya teksi kule Isipingo, siku hiyo hakwenda kazini. Chumba chake kilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu, ghorofa ya chini. Sipho alikuwa na gari la mizigo, lakini barabara ile ina mashimo, na nilishawaeleza maneno ya daktari. Wakaamua kunibeba na mlango wangu, kwa miguu: Idrisa na Sipho mbele, vijana wawili nyuma, begani ili nisiyumbe. Uani walikuwa wanakata vigae, vumbi limetanda kama ukungu, basi Mama Gloria akanifunika shuka jeupe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Usikohoe," akasema.

Tukatoka getini. Sasa nyinyi mnaotoka kwetu mmeshaona kosa liko wapi. Mimi sikuliona, nilikuwa chini ya shuka. Watu wanne wamebeba mtu begani, kafunikwa jeupe, na nyuma yao mwanamke kajifunga kitenge kichwani, kabeba mfuko wa dawa, macho yanamchuruzika kwa vumbi la vigae.

Pembeni mwa mtaa kuna kinyozi wa Kitanzania. Muziki ukazimwa ghafla. Nikasikia viti vikisukumwa, kandambili zikikimbia, sauti ya mtu ikisema, "Innaa lillahi." Halafu mlango ukapanda kidogo upande wa kulia, maana bega jipya lilikuwa limeingia.

Kwetu jeneza likipita huulizi ni la nani. Unaingia, unatia bega, unatembea hatua chache, unampisha mwingine naye apate thawabu. Aliyekuwa anabeba hupisha bila kubisha. Ndiyo heshima. Idrisa, aliyezoea heshima hiyo tangu utotoni, alipisha kabla hajafikiri. Sipho alipisha kwa sababu mtu alimgusa bega kwa upole akamwambia, "Asante, mzee." Vijana wa nyuma wakapishwa vivyo hivyo, na dakika haikupita, chini yangu hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuwa mimi ni mzima.

Walikuwa wengi, na walikwenda haraka. Maiti hacheleweshwi. Mlango ulipita mabega hadi mabega, kichwa changu kikitangulia, na wakaanza kuitikia shahada kwa sauti ya chini. Nikafungua mdomo niseme kitu. Nikaufunga.

Akilini nilimwona daktari ameshika unyayo wangu. Usiangushwe. Maiti anayesema "jamani, niko hai" chini ya shuka, begani mwa watu sita wenye mwendo wa kasi, atafanywaje? Atatupwa. Hata mimi ningemtupa, kama ningekuwa ndiye mbebaji. Kwa hiyo nililala. Nilibana pumzi shuka lisipande. Inzi alitua puani juu ya kitambaa na nikamwacha. Miguu yangu yote, Korogwe na Mbeya na Beira yake, ilikuwa inategemea niwe maiti mwenye adabu.

Nyuma nilimsikia Idrisa akipiga kelele. "Oya! Si maiti huyo! Mgonjwa! Jamani, ni mgonjwa!"

"Mshikeni," mtu akasema kwa huruma. "Ndugu yake huyo, kachanganyikiwa."

"Hajafa, nawaambia!"

"Ndiyo, kaka, ndiyo. Hata mimi baba yangu nilisema hivyo hivyo. Subira."

"Wanapita nyumba! Nyumba ni ile!"

"Nyumba yake ya sasa ni nyingine, kaka."

Na kweli walikuwa wamepita nyumba. Kwa mteremko nilioanza kuusikia, visigino vikiwa juu kuliko kichwa, tulikuwa tunaelekea msikitini. Mama Gloria alikuwa analia kweli sasa, kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja, "Mungu wangu, bataenda kumuzika! Bataenda kumuzika, Papa Shomari!" Na kila alipolia, watu walizidisha mwendo kwa ajili yake.

Alichokifanya Idrisa nitamshukuru siku zote. Alinyamaza. Akaacha kubishana, akafuta uso, akakimbia mbele, akatia bega lake kama mfiwa aliyepata nguvu. Nikasikia sauti yake karibu na sikio langu, tulivu kabisa. "Ndugu zangu, Mungu awalipe. Tumshushe hapa kidogo, kwenye kivuli, mama yake amuage. Taratibu. Taratibu sana."

Wakashusha. Taratibu, kama alivyoomba. Nilisikia mbao zikigusa lami bila kishindo. Nikangoja mikono yote itoke chini. Ndipo nikasema, "Asanteni sana."

Kinyozi mwenyewe ndiye aliyetangulia kukimbia, akaacha kandambili zote mbili. Wengine waliruka ukuta. Mmoja alikaa chini palepale akaanza kucheka na kulia, na Sipho, aliyekuwa amekuja nyuma na kofia yake ya manjano kifuani, aliuliza mara nyingi, "Kwani nini? Kwani walidhani nini?"

Kumbe mtu alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti Tanga, kwamba nimefariki.

Nilipofikishwa kwa Idrisa, simu ilikuwa inalia. Nyumbani Korogwe watu walikuwa wamejaa uani, wanawake wamekaa mikekani. Nikampigia dada Mwanaidi kwa video. Aliona shuka jeupe, gamba la plastiki, mifupa ya uso, mlango.

"Kwa hiyo hujafa," alisema.

"Sijafa, dada."

"Ila unakufa, na mnanificha."

"Natibiwa. Madaktari wanasema nitasimama."

"Mgongo unauma kidogo. Ndivyo ulivyoniambia." Sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa. "Shomari, leo nimeshakulia. Nimekulia machozi yote niliyokuwa nayo. Sitayarudisha ndani ili nije niyatoe tena mwezi ujao. Siku ukisimama, nipigie. Kabla ya hapo usinipigie."

Akakata. Nilijaribu mara kadhaa wiki zilizofuata. Hakupokea. Ujumbe aliusoma, hakujibu.

Wagonjwa wenzangu, kipindi kile ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote, kibaya kuliko maumivu. Nililala kwa Idrisa nikisikia mvua, kisha paa lilipokwisha wakanirudisha, safari hii uso wazi na Sipho akitangulia akitangaza, "Mgonjwa! Mgonjwa!" kama muuza samaki. Nilikuwa na hasira na dada, kisha nikawa sina. Nilimeza vidonge kwa sababu yake. Kama una mtu aliyekukasirikia nyumbani, usimtupe. Anaweza kuwa ndiye anayekufanya umeze vya kesho.

Joto likapungua. Vidole vya mguu wa kulia vilianza kusikia blanketi. Kisha vya kushoto, kwa uvivu. Mwezi wa tano, asubuhi zikiwa na ubaridi, nilipelekwa kupigwa picha. Daktari aliitazama, akaitazama tena, akasema, "Anza. Kidogo kidogo. Na mtu akushike."

Tulianza na kukaa, na kizunguzungu chake. Siku niliyosimama, mafundi walikuwa wanapiga msasa sakafu ya mbao kwa mashine. Mama Gloria alikuwa kushoto kwangu, Idrisa kulia. Nilitaka kumpigia dada, na sikutaka asikie kelele za mashine akadhani niko mahali pengine.

Kutoka koridorini: "Bhuti, tunaanza!"

"Bado!" nilijibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu waje. Nyumba ikanyamaza. Sipho akachungulia kwenye fremu isiyo na mlango, akaelewa, akavua kofia tena, kisha akakumbuka mara ya mwisho alipoivua, akaivaa upesi.

Nikamtumia Mwanaidi maandishi kwanza: Pokea, nimesimama. Nikamtumia Mwanaidi maandishi kwanza: Pokea, nimesimama. Iliita sana. Uso wake ukatokea. Nikawaambia wale wawili waniachie.

Waliniachia. Magoti yalitetemeka mpaka suruali ikawa inacheza. Mguu wa kushoto ulivutika pembeni, kama unavyovutika hadi leo. Nikabaki wima.

Dada aliisogeza simu karibu na macho yake, akanipima kutoka juu hadi chini, kama alivyokuwa akinipima sare za shule.

"Mbona umekuwa mfupi?"

Sikuwa nimejua. Hakuna aliyeniambia, wala mimi, muulizaji wa kila kitu, sikuwahi kuuliza. Nilimtazama Mama Gloria, akatazama sakafu.

"Geuka," dada akasema.

Nikageuka, kwa hatua ndogo ndogo, nikimpa mgongo wenye kinundu chake kipya. Sikuuona uso wake wakati huo. Nilikuwa nimeelekea kwenye fremu, ambapo mafundi wote walikuwa wamesimama na vumbi lao, wakitazama bila kuelewa neno hata moja. Nyuma yangu nilimsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye kule Korogwe, sauti ikikatika:

"Njoo uone. Ni yeye. Amekuwa mfupi, lakini ni yeye."